Sentimita Thelathini na Saba

Shughuli nzima imenigharimu miaka tisa, jozi nne za viatu vya mpira, jino moja la mbele, na kilo mia nne sitini na tisa za sukari. Hesabu ya kwanza ilinipa mia nne sitini na nane. Ya pili, nilipoingiza zile siku zinazobaki nje ya wiki hamsini na mbili za mwaka, ikaongezeka moja. Naandika ya pili. Juu ya hizo weka kiti cha uprofesa ambacho nilikuwa nimeshakikalia nusu kalio. Sentimita thelathini na saba sijaziingiza humo, kwa sababu hizo ndizo zilizokula hivyo vingine vyote, na nitazieleza zikifika mahali pake.

Kazi yangu ni kufundisha fizikia ya bahari katika nchi isiyo na bahari. Watu wakisikia bahari huniuliza samaki. Samaki siwajui, hao ni kazi ya mwenzangu. Mimi ni mtu wa maji yenyewe: yanakwenda wapi, yanapanda kiasi gani, kwa nini yenye chumvi yanakaa chini na yasiyo na chumvi yanaelea juu yake. Kutoka ninapokaa, mtaa wa Atlabara hapa Juba, mpaka ufukwe wa karibu kabisa, unavuka nchi nzima ya watu wengine. Madereva wa boda wa kona yetu wanalijua hilo vizuri. Kila asubuhi mmoja wao huniuliza, uso umekauka kama karani wa mahakama, "Profesa, bahari imefika wapi leo?" Nami hujibu, "Imekwama mpakani, inasubiri karatasi." Tumekuwa tukisema hivyo muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayecheka tena, ila hakuna anayeacha.

Nililelewa Nairobi, mtoto wa watu waliokimbia kutoka huku. Mama yangu aliuza mitumba Gikomba. Alipofunguliwa belo, lile furushi la mitumba, alihesabu nguo mbele ya muuzaji, akilamba kidole, kisha akifika kibandani anahesabu upya akianzia chini ya rundo. "Ya kwanza unamhesabia yeye," aliniambia, "ya pili unajihesabia wewe." Nilikuwa na miaka minane. Mpaka leo nikipewa chenji naihesabu mara mbili, na nikipanda ngazi nahesabu vidato kwenda na kurudi. Mke wangu anasema siku ya harusi nilihesabu wageni wakati wa sala. Ni kweli. Walizidi kumi na wanne.

Bahari yenyewe sikuichagua. Nilipomaliza shahada ya fizikia kulikuwa na orodha ya ufadhili ubaoni, na watu wenye ndugu ofisini walikuwa wameshachukua vya maana: mafuta, umeme, kompyuta. Ufadhili wa fizikia ya bahari ulibaki kama sweta la mwisho saa kumi na mbili jioni, rangi ya matope, mikono mirefu, hakuna anayelinyanyua. Saa hizo mwenye kibanda anauza kwa bei yoyote. Nikalichukua. Likanipeleka pwani, kisha nchi moja ya baridi ambako nilitapika kwenye meli ya utafiti majuma sita, asubuhi na jioni, nikijaza fomu katikati.

Kitu kimoja nilichofundishwa huko nilikipigia mstari chini mara mbili. Ukitaka kujua kina cha maji kimepanda au kimeshuka, unasimamisha nguzo yenye namba majini. Lakini nguzo ni kitu cha kuyumba. Kwa hiyo nchi kavu, kwenye jiwe au zege lisilosogea, unapigilia msumari, na kila mwaka unarudi kupima kama nguzo bado imekaa vilevile ukilinganisha na msumari. Mwalimu wetu, mzee mwenye ndevu zenye makombo ya mkate, alikuwa akisema namba za maji bila msumari ni umbea. Niliandika neno umbea kwa Kiswahili pembeni mwa daftari. Daftari hilo ninalo.

Nilirudi Juba nchi ilipopata bendera yake, kama tulivyorudi wengi, na masanduku na maneno makubwa. Chuo kilinipokea. Mkuu wa kitivo alitazama vyeti vyangu kwa muda, akavigeuza, akatazama nyuma.

"Daktari, sisi bahari hatuna."

"Najua."

"Lakini huku mto tunauita bahr." Akafurahi, akagonga meza. "Basi unayo. Kalas. Jumatatu anza."

Nikaanza. Nilifundisha mawimbi kwa watu ambao hawajaona wimbi kubwa kuliko la karai. Ilibidi nitumie hilo karai. Nilimimina maji matupu, kisha taratibu, kwa mrija, nikashusha maji ya chumvi niliyoyatia karkade, yale maua ya chai, yawe mekundu, na darasa zima likasimama juu ya madawati kuona wekundu ule ukijilaza chini kama mkeka bila kuchanganyika. Kisha sauti kutoka nyuma: "Ustaz, kwenye mtihani hii karkade tutaletewa au kila mtu na yake?"

Mwaka wa tatu wa karkade nikajiambia inatosha. Mtu wa bahari anayekaa ukingoni mwa Naili bila kupima kitu ni sawa na fundi cherehani anayetembea uchi. Nikaamua kuupima mto, kila siku, bila kukosa, mpaka niwe na kitu ambacho hakuna mwingine anacho.

Nilinunua bomba la chuma la mita nne na nusu, nikamtafuta mchora vibao wa Hai Malakal akalipaka mikanda ya nyekundu na nyeupe, kila mkanda sentimita ishirini, na namba nyeusi pembeni, mpaka mita nne. Tukalisimamisha ukingoni, mahali malori ya maji yanapokuja kunyonya mto kwa pampu na kwenda kuuza mjini. Aliyelisimamisha aliomba simenti mifuko miwili. Nilimwambia hajengi daraja, nikampa mmoja. Tulibishana, nikashinda. Hatua kumi na mbili kutoka hapo kulikuwa na ghala kuukuu lenye ngazi ya zege, na katika kidato cha juu nilipigilia msumari wa shaba. Wahandisi wa barabara walikuwa na darubini ya kupimia usawa, wakaniazima asubuhi moja. Msumari ulikuwa sawasawa na mita tatu kwenye nguzo. Nikaandika, nikapima tena, nikaandika tena.

Sasa nilihitaji jicho la kila siku. Pale ukingoni kulikuwa na mama mmoja kutoka Uganda, mnene wa mabega, anayewauzia madereva wa malori chai na chapati chini ya turubai. Meza yake ilitazamana na nguzo. Nikakaa, nikaagiza chai, nikaanza.

"Mama, nataka mtu wa kunisomea namba ile kila asubuhi saa moja. Anaandika kwenye daftari, basi."

"Namba ya nini?"

"Ya maji. Kwamba yamefika wapi."

Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Profesa, maji iko hapa kila siku. Naenda wapi?"

"Ndiyo nataka kujua."

"Sukari kilo mbili, kila wiki."

"Kilo mbili kwa kusoma namba moja? Chapati haijageuzwa umeshamaliza. Nusu kilo."

"Nusu! Wewe peke yako nakunywa nusu. Angalia hiyo kikombe yako, kijiko inasimama."

Tulifika kilo moja. Lakini mimi ni mtoto wa Gikomba, siondoki mezani bila kitu cha ziada. Nikaweka sharti: siku moja ikikosa namba, sukari ya wiki nzima hakuna.

"Hata kama mimi naumwa?"

"Tuma mtu."

"Hata kama mimi nakufa?"

"Ukifa tutazungumza."

Alinipiga kiganja kwa furaha ya mtu aliyekutana na mwenzake. "Wewe si mtu ya yunivasiti. Wewe mtu ya soko." Nikaichukua kama sifa. Nililitembeza sharti lile kichwani njia nzima kurudi nyumbani. Nililiona zuri kuliko bomba lenyewe.

Na lilifanya kazi. Mama hakukosa. Alisoma akiwa na malaria. Alisoma siku ya ubatizo wa mjukuu wake, akiwa amevaa gomesi mpya, na daftari lina alama ya keki. Wiki ile ya risasi, wakati sisi wa Atlabara tulikuwa chini ya vitanda, alisoma akiwa amelala kifudifudi nyuma ya tangi la maji, na kwa kuwa daftari lilikuwa chumbani kwake aliandika namba kwenye boksi la sabuni. Nilipofika baada ya wiki alinikabidhi boksi kabla hata ya salamu. "Siku saba iko yote. Sukari yangu."

Kila Jumamosi nilikwenda kusoma mwenyewe. Nilivaa viatu vya mpira, nikashuka mpaka kwenye maji (siku moja niliteleza, ndiko jino lilikobaki), nikainama, nikasoma, kisha nikapanda kulinganisha na daftari lake. Sawa. Jumamosi nyingine, sawa. Miaka tisa, hakuna Jumamosi tuliyotofautiana zaidi ya sentimita moja. Nilikuwa nikirudi mjini juu ya boda nimenyoosha mgongo. Nimehesabu mara mbili, nani ataniambia nini?

Ila kuna hesabu moja iliyokuwa haifanyiki. Kurudi kwenye msumari kila mwaka kulihitaji darubini, na wahandisi wa barabara waliondoka na yao barabara ilipoisha katikati. Nikaomba chuo kininunulie. Mwaka wa tatu wa nguzo darubini ilifika, bila miguu ya kuisimamishia. Mwaka wa tano miguu ikafika, ya darubini ya kampuni nyingine, skrubu haziingii. Mhudumu wa stoo akanishauri niisimamishe juu ya ndoo. Nilimtazama kwa huruma. Nilimweleza kwamba huu ni upimaji wa kisayansi, si ujenzi wa banda la kuku. Nikaandika barua nyingine. Wakati huohuo mto ulikuwa unapanda, kila mtu aliuona, maziwa ya juu huko yalijaa, watu wa kando ya maji walihama na vitanda vichwani. Mchoro wangu wa vipimo ukapanda nao. Nani angeshuku nguzo wakati mto wenyewe unakubaliana nayo?

Hapa niseme kuhusu uprofesa. Juba nzima inaniita Profesa, tangu mwaka wa kwanza, lakini ni kwa hisani ya wananchi. Karatasini mimi ni mhadhiri mwandamizi. Nina umri wa mtu anayeulizwa atastaafu lini. Ile miaka tisa ya mto ndiyo ilikuwa mali yangu pekee ya kupeleka kwenye kamati ya kupandisha vyeo, na niliipeleka ikiwa imejaa: siku elfu tatu mia mbili themanini na saba, ukihesabu Februari ndefu mbili. Hitimisho langu lilikuwa kwamba hata wakati wa kiangazi mto haurudi tena chini ulikokuwa ukirudi. Wasomaji wa nje walisifu. Mmoja aliandika kwamba katika eneo hili hajaona mfululizo usio na pengo hata la siku moja. Mwenyekiti wa kamati alinishika bega kwenye korido. "Kikao kijacho, Profesa. Tutaanza kukuita hivyo bila kukukopesha."

Wiki tatu kabla ya kikao, Jumamosi, nilikuta fundi ukingoni. Mrejea kama mimi, amekulia Kenya, kichwa kimeanza mvi, anajenga msingi wa pampu mpya karibu na lile ghala. Alikuwa na ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, ambao mafundi wote wa dunia hii hutumia kujua kama ukuta wa huku uko sawa na wa kule.

"Prof, huu msumari ni wako?"

"Wangu. Usiuguse."

"Siugusi. Naona umekaa poa, nataka kuokotea hapo leveli ya msingi."

"Okota. Uko sawasawa na mita tatu kwenye nguzo ile pale." Nilisema hivyo kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

"Basi nishikie huku, tuone."

Nikashika ncha moja ya mpira kwenye msumari. Akavuta ile nyingine mpaka kwenye nguzo, akaingia majini na suruali yake, akatulia. Maji ndani ya mpira yakapanda na kushuka, yakasimama.

"Tatu na thelathini na saba," akasema.

"Mita tatu."

"Mita tatu, na thelathini na saba juu yake, Prof."

"Mpira una hewa."

Akaukagua, akaugonga kwa kidole, kiputo kimoja kidogo kikatoka. Tukapima tena. Thelathini na saba. Nikamwambia tubadilishane. Nikaingia majini mimi, nikasubiri, nikasoma kwa jicho lililosoma nguzo ile Jumamosi zote za miaka tisa. Tatu na thelathini na saba.

"Maji ya mpira haina siasa," fundi akasema, akitikisa suruali. "Mti wako umeshuka. Ama msumari umepanda mbinguni." Kisha akaona uso wangu. "Ni shida kubwa, mzee?"

Nilikuwa naangalia ule mpira. Bei yake haifiki sahani tatu za ful, maharage ya asubuhi. Unauzwa kwa mita, duka lolote la vifaa, sokoni Konyo Konyo kuna lundo. Mimi, ninayelipwa, fedha zikipatikana, kuwaambia watu kwamba maji yaliyotulia hukaa usawa mmoja, kwamba sayansi yetu yote inasimama juu ya jambo hilo, nilisubiri miguu ya darubini miaka na miaka. Ndoo niliikataa kwa heshima ya taaluma. Na kila Jumamosi nilihesabu maji mara mbili. Nguzo sikuihesabu hata mara moja. Mama alisoma nguzo, nami nikasoma nguzo ileile, tukakubaliana. Kama ingeshuka mita mbili tungekubaliana pia.

Nikapanda mpaka mezani pa Mama. Sikukaa.

"Mama, ile nguzo iliwahi kuanguka?"

Aliendelea kukanda unga. "Ile? Eh. Mara moja. Gari ya maji narudi nyuma, nagonga, nalala."

"Ikalala."

"Lakini mimi nasimamisha. Siku ileile! Naita wale watu ya pampu, wanne, nachimba vizuri, ndani, ndani kabisa, naweka mawe. Ile ya kwanza ilikuwa na simenti kidogo sana, Profesa. Nani alikujengea ile? Alikuibia." Akanyoosha kidole chenye unga kuelekea mtoni. "Toka siku hiyo mti nakataa kuanguka."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini moto ni wa moto. "Na sukari? Ilianguka mchana. Asubuhi inafuata mimi lazima iko na namba. Wewe ulisema siku moja ikikosa, wiki nzima inaenda. Mimi nakimbia, nalipa wale wanne na chapati yangu, saa moja asubuhi mti nasimama, nasoma. Hakuna siku imekosa." Sauti yake ikapanda. "Profesa, hata siku moja mimi sikudanganya. Ulisema nisome mti. Mimi nasoma mti."

"Ni kweli."

"Hukusema niangalie mti iko juu ama iko chini."

"Sikusema."

"Sasa makosa yangu iko wapi?"

Nikakaa. Akaniwekea chai bila kuuliza, na sukari yake, yaani yangu.

"Mama, ilikuwa lini?"

Hapo ndipo penye kila kitu, na nataka ieleweke vizuri. Ikiwa najua siku nguzo ilipozama, natoa sentimita thelathini na saba kwenye kila namba kuanzia siku hiyo, na miaka yangu tisa inakuwa mizima tena. Nisipoijua, sijui ni namba zipi za mto na zipi za malori. Mchoro unaonyesha kuruka, unaweza kusema. Unaonyesha kuruka mara nne. Mto wetu una tabia hiyo: mvua ikinyesha vilimani, vijito hushuka kwa pamoja, unalala mto uko hapa, unaamka umepanda karibu nusu mita. Katika miaka tisa ulipanda hivyo usiku mmoja mara nyingi ukashuka tena, lakini mara nne haukushuka. Kila moja ya hizo nne niliieleza kwa ukurasa mzima, na milinganyo. Moja kati ya hizo nne si maji. Ni Mama, watu wanne wa pampu, na chapati.

Mama alifikiri kwa dhati. Nilimwona akifikiri. "Ilikuwa mvua," akasema. "Mjukuu alikuwa natambaa. Hapana, huyo mwingine. Dereva alikuwa yule Mueritrea na jino ya dhahabu."

"Yuko wapi?"

"Alienda. Kampala. Ama Kanada."

"Kabla ya risasi au baada?"

"Baada... Hapana, ngoja. Ile turubai ya bluu ilikuwa iko." Tukajaribu kutafuta umri wa turubai ya bluu. Tulijaribu bei ya unga wakati ule, rangi ya daftari, padri aliyekuwapo. Kila ushahidi ulielekeza mwaka wake. Wale wanne wa pampu, wawili hajui waliko, mmoja amekufa, na wa nne nilimfuata mpaka Rejaf, anakolima bamia, akaniambia amesimamisha vitu vingi sana katika maisha yake.

Watu wa mabwawa ya juu ya mto, wanaojua maji yaliyoachiwa kila siku, nimewaandikia kuomba namba zao. Wamenijibu niandike upya kwenye karatasi yenye nembo. Karatasi yenye nembo chuoni imekwisha.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati siku nne kabla ya kikao. Nilimweleza yote, mpaka mpira. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu kama sigara.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, fundi, na mama wa chai."

"Fundi na mama wa chai hawakai kwenye kamati." Akainama mbele. "Ndugu yangu, mto ulipanda au haukupanda?"

"Ulipanda."

"Basi. Umepanda karatasini, umepanda mtoni. Toa hizo thelathini na saba mahali, umalize. Una sehemu nne, chagua moja."

"Si sambusa hizi, za kuchagua."

"Una miaka mingapi?" akauliza, na hakuuliza kwa ubaya.

Nilichukua faili langu. Ningependa kuandika kwamba nililichukua kwa ujasiri. Nililichukua kwa hasira, kwa sababu nilijua kwamba hata wakinipa cheo, kila atakayeniita Profesa nitamhesabia sentimita. Kikao kilifanyika bila mimi. Aliyepandishwa ni wa uhasibu. Watu wa boda hawakupata taarifa; bado naitwa Profesa kwa mkopo, na bahari bado iko mpakani.

Sukari napeleka bado. Lile sharti nililifuta, nikamwambia Mama siku akiumwa aumwe tu, na chochote kikianguka anipigie hata kama ni kijiko. Alishukuru sana. Wiki ya kwanza tu akakosa siku mbili.

Nguzo sijaigusa. Imebaki ilipo, na kila Jumamosi baada ya kuisoma naunyoosha mpira, wangu mwenyewe, mita kumi na tano, mpaka kwenye msumari. Thelathini na saba. Wiki iliyofuata, thelathini na saba. Haijasogea hata unywele. Mama alichimba vizuri.

Sasa ombi langu. Ukingo ule watu wamepiga picha sana: maharusi, waliomaliza shule, madereva na malori mapya, watu waliotaka tu kuonyesha ndugu wa mbali kwamba wako hai na mto uko nyuma yao. Kama una picha uliyopigwa karibu na meza ya chai, na nyuma yako kuna bomba lenye mikanda myekundu na myeupe, usijitazame wewe. Tazama ngazi ya ghala, kidato cha juu, kisha hesabu mikanda ya bomba iliyo juu ya usawa huo, mpaka kwenye mita nne. Kipande kitupu cha juu kisicho na rangi usikihesabu. Ikiwa ni mitano, picha ni ya kabla. Ikiwa ni mitatu na kipande, ni ya baada. Simu yako inajua tarehe. Niletee hiyo tarehe pale mezani, Jumamosi yoyote asubuhi, chai ni juu yangu, sukari unajiwekea. Ila tafadhali, kabla hujapanda boda kuja, hesabu mikanda mara mbili, na ya pili anzia chini.